Kosa la Tahajia Lina Sababu: Namna ya Kumsaidia Mtoto Anayefundishwa Nyumbani

Mnamo mwezi Machi mwaka 2020 shule za Tanzania na za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19. Nchini Tanzania wanafunzi wa shule za msingi walirejea madarasani mwishoni mwa Juni mwaka huohuo. Nchini Kenya wanafunzi wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo wazazi wengi ambao hawakupata kuwa walimu maishani mwao walijikuta wameketi mezani na daftari la mtoto mbele yao. Wako pia wazazi waliofanya kazi hiyo kabla ya hapo na ambao wangali wakiifanya, ama kwa sababu mtoto ana maradhi ya muda mrefu, ama kwa sababu ya kuhamahama, ama kwa hiari yao. Sheria za nchi hazifanani katika jambo hili. Nchini Marekani majimbo yote 50 huruhusu mtoto asomeshwe nyumbani, hali nchini Ujerumani sheria humlazimisha kwenda shule.

Mzazi anayefundisha nyumbani hukutana mapema na tatizo la tahajia, yaani uandishi wa maneno kwa herufi zinazokubalika. Tuchukue mfano. Mama anamsomea mwanawe mwenye umri wa miaka kumi sentensi ifuatayo, naye anaiandika:

Baba alikataa kununua ng'ombe kwa sababu thamani yake ni kubwa.

Mtoto anaandika hivi:

Baba alikata kunua ngombe kwasababu samani yake ni kuba.

Mama anahesabu makosa sita katika mstari mmoja. Anashangaa, maana mtoto huyu ni msemaji hodari, hesabu anaziweza, na akisimuliwa hadithi mara moja huikumbuka yote. Hivyo mama anaona kwamba huu ni uvivu. Anamwamuru aandike kila neno alilokosa mara ishirini. Siku ya Jumamosi wanairudia imla ileile. Neno ng'ombe limepona; makosa matano yaliyosalia yamerudi vilevile. Mama amekata tamaa, na jambo la hatari zaidi ni kwamba mtoto ameanza kuamini kuwa hana akili.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba hukumu ile haikuwa ya haki na dawa ile haikuwa dawa. Makosa yale sita hayatokani na asili moja. Yana sababu nne mbalimbali, na kila sababu yataka mafunzo yake. Mwalimu asahihishaye kosa bila ya kutafuta sababu yake ni kama tabibu atoaye dawa moja kwa kila homa: wagonjwa wachache watapona kwa bahati, na waliobaki watalaumiwa kwa kutopona.

KAZI IFANYIKAYO TUNAPOANDIKA NENO

Binadamu huzaliwa akiwa tayari kujifunza kusema. Hakuna mzazi anayemfundisha mtoto kwa kanuni namna ya kuipandisha sauti au kuukunja ulimi; mtoto husikiliza, hujaribu, na hatimaye husema. Maandishi sivyo yalivyo. Maandishi ni uvumbuzi, na maandishi ya kale yanayofahamika huko Mesopotamia, katika Iraki ya leo, yana umri wa zaidi kidogo ya miaka 5,000. Katika historia ndefu ya binadamu huo ni muda mfupi mno. Kwa hiyo ubongo wa mtoto hauzaliwi na sehemu iliyotengwa kwa ajili ya herufi. Uchunguzi wa wanasayansi wa Ufaransa, akiwamo Stanislas Dehaene, uliofanywa tangu mwaka 2000 na kuendelea, umeonyesha kwamba mtu anapojifunza kusoma, sehemu fulani ya upande wa kushoto wa ubongo, chini kwa nyuma, huzoezwa kutambua maneno yaliyoandikwa. Kufundisha kusoma na kuandika, basi, ni kuubadili ubongo wenyewe. Kazi ya namna hiyo yahitaji muda na utaratibu.

Twaweza kuigawa kazi ya kuandika neno katika hatua nne. Kwanza, mwandishi hulisikia neno na kulishika katika kumbukumbu. Pili, hulikata neno lile katika silabi, na silabi katika sauti mojamoja. Tatu, huipatia kila sauti herufi yake. Nne, mkono huziandika herufi kwa mfuatano wake huku akili ikiwa bado imeshika sauti ambazo hazijaandikwa. Pamoja na hayo, mwandishi lazima ajue neno linaanzia wapi na linaishia wapi, maana katika usemi hatutui baada ya kila neno.

Mtu mzima aliyesoma huziona hatua hizi kuwa ni moja kwa sababu ya mazoea. Kwa mtoto, hatua ya pili ndiyo ngumu kuliko zote. Sauti za usemi hazikupangwa kama shanga katika uzi. Tamka neno kubwa mbele ya kioo, nawe utaona midomo ikijikusanya kwa ajili ya sauti ya w hata kabla sauti ya b haijamalizika. Sauti hizo mbili zimefungamana. Mtu asiyejua kusoma anaweza kulitumia neno hilo maisha yake yote kwa ufasaha kamili bila ya kupata kutambua kwamba lina sauti tano. Mtoto aandikaye kuba hakulisikia neno vibaya; hajazoezwa tu kuzifungua sauti zilizofungamana.

LUGHA MBILI, TARATIBU MBILI

Mtoto wa Afrika ya Mashariki aghalabu hujifunza kuandika Kiswahili na Kiingereza kwa wakati mmoja. Mwalimu wa nyumbani yampasa aelewe kwamba tahajia za lugha hizi mbili zilijengwa kwa namna tofauti kabisa.

Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi. Tahajia ya herufi za Kirumi tuitumiayo leo ilisawazishwa katika karne ya ishirini. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ikasimamia usanifishaji wa uandishi. Kwa kuwa tahajia hiyo ilipangwa kwa makusudi, tena si zamani sana, herufi zake zinapatana na sauti kwa kiasi kikubwa. Irabu ni tano, na kila moja husomwa kwa namna moja popote ilipo.

Hata hivyo, upatanifu huo haukukamilika. Neno mbuni laweza kuwa jina la ndege mkubwa asiyeruka, nalo lina silabi mbili: mbu-ni. Laweza pia kuwa jina la mti wa kahawa, nalo lina silabi tatu: m-bu-ni. Herufi ni zilezile. Hali kadhalika wenyeji wa pwani hutofautisha kwa pumzi paa ambaye ni mnyama na paa ambalo ni la nyumba, lakini tahajia haionyeshi tofauti hiyo.

Kiingereza kina historia nyingine. William Caxton alianzisha kiwanda cha kupiga chapa Westminster mwaka 1476, na wapiga chapa wakaanza kuyazoesha macho ya watu tahajia fulani. Wakati huohuo, baina ya karne ya 15 na ya 17, matamshi ya irabu ndefu za Kiingereza yalikuwa yakibadilika sana. Tahajia ikabaki, sauti zikahama. Herufi k na gh katika neno "knight" ni mabaki ya sauti zilizokuwa zikitamkwa zamani. Herufi b katika "debt" haikuwa ikitamkwa hata ilipoingizwa. Wataalamu waliipachika ili kukumbusha asili ya neno hilo katika Kilatini.

Tofauti hii imepimwa. Mwaka 1966 Paul Hanna na wenzake nchini Marekani walichunguza kwa kompyuta maneno ya Kiingereza yapatayo 17,000, wakaipa kompyuta kanuni za kugeuza sauti kuwa herufi. Kompyuta iliandika sawasawa karibu nusu tu ya maneno hayo. Lakini matokeo hayo yana upande wa pili: katika maneno mengine asilimia 37, kompyuta ilikosea sauti moja tu. Kiingereza, basi, kina utaratibu, ila utaratibu huo peke yake hautoshi. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto waliokuwa wakijifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Watoto wa Kifini, ambao tahajia yao hufuata sauti kama yetu, walisoma karibu maneno yote bila kosa walipomaliza mwaka wa kwanza. Watoto wa Uskoti, wanaosoma Kiingereza, walisoma sawasawa asilimia 34 tu ya maneno ya kawaida katika mwaka wao wa kwanza.

Kutokana na haya twapata mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mtoto anayekosea Kiswahili hahitaji kukariri maelfu ya maneno. Anahitaji kuzoeza sikio na kujua kanuni chache. Hiyo si kusema kwamba kazi ni nyepesi. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza uandishi wa watoto wa Tanzania, walionya katika kichwa cha taarifa yao ya mwaka 2003 kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye utaratibu si jambo dogo.

La pili ni kwamba mtoto wa Kiswahili anayeandika "teibo" akikusudia neno la Kiingereza lenye maana ya meza hakubahatisha. Ametumia kanuni ya Kiswahili kwa uaminifu, ila ameitumia mahali isipotawala. Lugha yetu yenyewe ilifanya vivyo hivyo ilipoyapokea maneno baiskeli, shati na benki. Mtoto huyo asiambiwe kwamba ni mjinga. Aambiwe kwamba sasa yumo katika lugha ambayo sikio lake litamfikisha nusu ya njia, na nusu iliyobaki ataimaliza kwa macho na kumbukumbu.

KULISOMA KOSA

Mwaka 1971 Charles Read wa Marekani alichapisha uchunguzi wa watoto wadogo waliojiandikia maneno kabla ya kufundishwa tahajia. Watoto kadhaa waliandika "chray" badala ya "tray". Wazazi waliona ni upuuzi. Read alionyesha kwamba katika matamshi ya Kiingereza sauti ya t ikifuatwa na r hukaribia kweli sauti ya ch. Watoto wale waliandika walichokisikia, na masikio yao yalikuwa makini kuliko ya watu wazima ambao tayari wamezoea kuona herufi t.

Tuyarudie sasa makosa sita ya mtoto wetu, tuyasome kwa jicho hilohilo.

Sababu ya kwanza: sauti hazikuchambuliwa. Makosa alikata, kunua na kuba ni ya kundi hili. Katika alikataa irabu ya mwisho imeandikwa mara moja badala ya mbili. Katika kununua silabi moja kati ya mbili zinazofanana imerukwa. Katika kubwa sauti ya w imemezwa na b. Yote matatu yana dawa moja, nayo ni mazoezi ya kulikata neno kwa sikio kabla ya kushika kalamu. Mtoto aelewe pia kwamba sauti moja ikipotea maana hupotea nayo: kata si kataa, na kufa si kufaa.

Sababu ya pili: sauti haimo katika usemi wa nyumbani. Mtoto ameandika samani badala ya thamani. Sauti za th, dh na gh ziliingia katika Kiswahili hasa pamoja na maneno ya Kiarabu, kama vile thamani, dhahabu na ghali. Wasemaji wengi wa bara huzitamka kama s, z na g. Iwapo mama mwenyewe husema samani, mtoto ameandika sawasawa kile alichoambiwa. Hali ni hiyohiyo kwa l na r, maana lugha nyingi za Kibantu hazizitofautishi kama Kiswahili kinavyofanya. Ndipo kula na kura, mahali na mahari, yakachanganywa. Ni hivyo pia kwa sauti ya h, ambayo ikiachwa hapa hugeuka kuwa apa. Dawa ya kundi hili ni kumwonyesha mtoto mahali pa ulimi: katika th ncha ya ulimi hugusa meno, katika s hujificha nyuma yake. Ikiwa matamshi ya nyumbani hayabadiliki, maneno haya yafundishwe kwa orodha. Maneno ya kawaida yenye sauti hizo si mengi kiasi cha kumshinda mtoto.

Sababu ya tatu: kanuni ya maandishi haijulikani. Mtoto aliyeandika ngombe huenda alisikia vizuri na kutamka vizuri. Hakujua tu kwamba kile kialama cha juu hutenga ng'ombe, ng'oa na ng'ara na ngoma, nguo na ngazi. Jambo hili hufundishwa kwa dakika kumi. Hii ndiyo sababu neno hili peke yake lilipona kwa kunakiliwa mara ishirini: lilihitaji jicho tu.

Sababu ya nne: mpaka wa neno haujulikani. Kosa la kwasababu si la sauti hata kidogo, ni la sarufi. Mtoto aulizwe: je, sababu yaweza kusimama peke yake? Yaweza, kwa maana twasema sababu ni hii. Je, kwa yaweza kutangulia maneno mengine? Yaweza: kwa nguvu, kwa mkono. Basi hayo ni maneno mawili. Kinyume chake, aandikaye nita kwenda akumbushwe kwamba nita- hapo ni viambishi vya kitenzi, na viambishi havitengwi na kitenzi chake.

Kwa hiyo makosa sita yamekuwa masomo manne, na matatu kati yake ni mafupi. Mtoto ambaye kwa hesabu ya mama alishindwa karibu na kila kitu ana kazi moja tu kubwa ya kufanya, nayo ni kuzoeza sikio.

KIJANA WA MWAKA 1896

Je, ikiwa mazoezi yamefanywa kwa miezi na makosa hayapungui? Katika jarida la madaktari la Uingereza la Novemba 1896, Dakta W. Pringle Morgan alieleza habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Tangu umri wa miaka saba alikuwa amesomeshwa shuleni au na walimu wa faragha, na juhudi kubwa ilikuwa imefanywa, lakini maneno yaliyoandikwa yalimshinda. Alipoandika jina lake mwenyewe aliandika "Precy", wala hakuliona kosa mpaka alipoulizwa mara kadhaa. Hata hivyo macho yake yalikuwa mazima, na alizidisha 749 kwa 867 upesi na kwa usahihi. Mwalimu wake aliamini kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angewashinda wenzake.

Hali hiyo huitwa disleksia, jina lililotolewa na daktari Mjerumani Rudolf Berlin mwaka 1887. Leo inafahamika kwamba hutokea katika jamaa mojamoja kwa kurithiwa, kwamba si upungufu wa akili, na kwamba aghalabu kiini chake ni ugumu wa kuchambua sauti za usemi. Hutokea kwa wasemaji wa lugha zote. Katika lugha zenye tahajia ya kufuata sauti, dalili zake huonekana zaidi katika usomaji wa polepole mno na katika tahajia, kuliko katika kusoma maneno kimakosa. Mzazi wa Kiswahili asidanganyike, basi, kwa kuwa mtoto anasoma sawasawa. Aangalie pia anatumia muda gani.

Kabla ya kulitaja jina hilo, hata hivyo, masikio na macho yapimwe hospitalini. Mtoto ambaye masikio yake huoza mara kwa mara huenda hasikii vizuri, na usikivu ukipungua katika sauti nyembamba, s, f na th ndizo zinazopotea. Ikiwa masikio na macho ni mazima na shida inaendelea, atafutwe mwalimu wa elimu maalumu. Nchini Tanzania walimu wa namna hiyo hufunzwa katika Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha. Nchini Kenya, Taasisi ya Elimu Maalumu, iliyoanzishwa mwaka 1986, huwapima watoto wenye shida za kujifunza. Mafunzo wanayopewa watoto hawa hayatofautiani kwa asili na yale tutakayoyaeleza hapa chini. Hutofautiana kwa upole wa mwendo na wingi wa marudio.

UTARATIBU WA KAZI NYUMBANI

Mwalimu wa shule mwenye wanafunzi wengi hawezi kulisoma kila kosa la kila mmoja. Mzazi mwenye mtoto mmoja mezani aweza. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kufundisha nyumbani, na ni hasara kuipoteza kwa kuiga adhabu za darasani.

Siku ya kwanza mzazi asome imla fupi, kisha ayapange makosa katika jedwali la safu nne: sauti, matamshi, kanuni, mpaka wa neno. Safu iliyojaa zaidi ndiyo somo la juma hilo. Achague maneno matano tu ya safu hiyo. Kila siku, kwa robo saa, kila neno lipitie hatua hizi:

1. Mtoto alitamke neno polepole, na apige kofi moja kwa kila silabi.

2. Aweke mezani punje moja ya mahindi kwa kila sauti. Kata itapata punje nne, kataa itapata tano. Mkono wake wenyewe utamwonyesha tofauti.

3. Aandike neno huku akitamka kila sauti anayoiandika.

4. Alifunike, aliandike tena bila ya kulitazama.

5. Afunue, alinganishe herufi kwa herufi, na alisahihishe yeye mwenyewe.

Hatua ya tano isirukwe. Mwaka 1947 Thomas Horn alionyesha huko Marekani kwamba mwanafunzi anayesahihisha mwenyewe jaribio lake mara tu baada ya kuliandika hujifunza mengi kwa tendo hilo moja. Wino mwekundu wa mzazi humwonyesha mtoto kwamba amekosea. Jicho lake mwenyewe humwonyesha mahali alipokosea.

Kwa nini robo saa kila siku, na siyo saa nzima siku ya Jumamosi? Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasayansi wa Ujerumani aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu, alieleza kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 yaliyofanywa kwa mfululizo siku moja. Kumbukumbu hupenda kupumzishwa na kuamshwa tena. Kwa ajili hiyohiyo kunakili neno mara ishirini kuna faida ndogo. Mtoto akifika mara ya nne haliandiki neno tena. Huandika safu ya herufi ya kwanza kutoka juu hadi chini, kisha safu ya pili, kama achoraye mkeka. Sikio limelala, na sikio ndilo lililohitaji mazoezi.

Kwa maneno ya Kiingereza hatua ni hizohizo, lakini maneno yapangwe kwa jamaa: "light", "night", "right" pamoja. Mtoto akariri muundo mmoja, apate maneno matatu. Maneno yasiyo na jamaa yajifunzwe mojamoja, na hadithi ya asili yake ikijulikana isimuliwe.

Mambo mawili zaidi. Insha isifanywe imla: mtoto anapotunga, aachwe atunge, na tahajia iangaliwe katika nakala ya pili, ama sivyo atajifunza kuandika maneno mafupi tu anayoyaweza na mawazo yake yatadumaa. Pili, maendeleo yapimwe. Imla ileile irudiwe kila baada ya majuma mawili, idadi ya makosa ya kila safu iandikwe, na grafu ichorwe ukutani. Mtoto aonaye mstari wa makosa yake ukishuka hahitaji kuambiwa kwamba ana akili.

JARIBIO LA KUFANYA SHULENI

Walimu na wanafunzi wa sekondari wanaweza kuuchunguza ukweli wa makala haya. Kusanyeni makosa 100 ya tahajia ya Kiswahili kutoka katika madaftari ya darasa moja, bila ya kutaja majina ya wenyewe. Yapangeni katika safu nne tulizozieleza, na mhesabu asilimia ya kila safu. Kisha jibuni maswali haya:

1. Ni safu ipi iliyo kubwa zaidi? Je, lugha isemwayo nyumbani katika eneo lenu yaweza kueleza matokeo hayo?

2. Je, yako makosa yasiyoingia katika safu yoyote? Yaelezeni, na mpendekeze safu ya tano.

3. Chagueni makosa kumi ya safu moja, myafundishe kwa hatua tano kwa muda wa juma moja, kisha mpime tena baada ya majuma mawili. Ni mangapi yaliyorudi?

Huenda ikaonekana katika hesabu hiyo kwamba yule mwenzenu aliyekuwa akichekwa kwa kuandika vibaya ana kosa la aina moja tu, lililorudiwa mara thelathini. Hilo likionekana, yeye ndiye awe wa kwanza kuambiwa.